Chumbe: mwamba mzuri, ila angalia kwanza tarehe ya mwezi

Kisiwa cha Chumbe kiko kilomita 12 hivi kusini mwa Mji Mkongwe. Kwa mtu anayetaka kuona samaki wa matumbawe kwa miwani na mrija tu, bila mtungi wa hewa, hatujaona pa kupashinda Unguja nzima. Mwamba wa upande wa magharibi ni hifadhi tangu 1994. Kuvua hakuruhusiwi, hata kuzamia kwa mtungi hakuruhusiwi, na walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa maeneo ya jirani. Ukiweka uso majini unaelewa maana yake: chewa hakurupuki, pono unawasikia wakikwangua mwamba kwa meno, na matumbawe mapana kama meza yamesimama mazima kwa kuwa hayatupiwi nanga.

Kinachowaharibia wengi siku yao ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, yaani wakati uleule wageni wa siku moja wanapowasili. Sehemu ya juu ya mwamba inabaki na maji haba, tumbo linakaribia matumbawe, na maji yanapoanza kujaa mkondo unakuwa na nguvu. Chagua maji mafu: kwa tarehe za Kiislamu, kati ya 8 na 10 au 22 na 24. Hapo maji hayapandi wala kushuka sana, na mchanga hautibuliwi. Ukilazimika kwenda siku ya bamvua, omba kuingia majini mchana maji yakishajaa, na msitu utembelewe kwanza.

Vifaa unapewa, lakini vijaribu kabla ya kupanda boti. Weka miwani usoni bila kuvuta mkanda nyuma, kisha vuta pumzi kwa pua. Ikinata yenyewe, imekutosha; ikianguka, omba nyingine. Kukaza mkanda hakuzibi uvujaji, bali kunapinda mpira na kuzidisha maji. Masharubu na nywele zilizonaswa chini ya mpira ndizo sababu za kawaida. Wanaojistiri wahakikishe kitambaa cha kichwani kinapita nje ya ukingo wa miwani, si chini yake. Kioo kisiingie ukungu, kipake mate kikiwa kikavu, halafu kisuuze mara moja kwa maji ya bahari. Maji yakiingia ukiwa unaogelea, bonyeza ukingo wa juu wa miwani, inua uso kidogo, toa pumzi kwa pua, yatatokea chini.

Mapezi unayovaa miguuni ndiyo yanayovunja matumbawe kuliko mikono. Piga miguu kuanzia kwenye nyonga, polepole, ukiwa umelala juu ya maji. Ukichoka usisimame kamwe. Geuka chali uelee au ushike boya la kiongozi. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea na aseme mapema, maana kiongozi huingia majini pamoja na wageni. Kasa akitokea, kaa ubavuni mwake kwa mbali. Ukimfuata kwa juu unamzuia kupanda kuvuta pumzi. Badala ya kujipaka mafuta ya jua mwili mzima, vaa fulana ya mikono mirefu: mgongo na nyuma ya magoti ndipo panapoungua.

Bei ni kubwa, hilo tuliseme wazi, na mkazi wa kawaida ataihisi. Ila ndani yake mna boti, chakula cha mchana, kiongozi, vifaa, matembezi msituni na kupanda mnara wa taa wa 1904. Ukiweza, lala usiku mmoja. Mabanda ya kulala ni saba tu, maji ni ya mvua, umeme ni wa jua, choo hakina maji ya kuvuta, na kiyoyozi hakuna. Anayelala anapata maji kujaa mara mbili, na usiku anawaona kaa wa nazi wakitoka. Wa siku moja huchukuliwa pale tu nafasi inapobaki, kwa hiyo uliza mapema. Wakati wa masika kisiwa hufungwa.