Soda ya chupa ya kioo au ya plastiki?

Dukani kwa Mangi utaulizwa kwanza: "Umekuja na chupa?" Hapo ndipo kioo kinapoishinda plastiki. Chupa tupu inarudi kwenye kreti, inaoshwa kiwandani na kujazwa tena, mara nyingi tu, bila kuyeyushwa. Kasoro yake ni uzito: lori linakula mafuta zaidi, na ikivunjika ni hasara.

Ya plastiki ni nyepesi, unaondoka nayo. Lakini soda ikiisha, kazi yake imekwisha. Waokota makopo wakiiwahi, huuzwa kwa kilo, husagwa vipande na aghalabu hugeuzwa nyuzi. Wasipoiwahi, mvua huisukumia mtaroni. Kifuniko chake, kwa taarifa yako, ni plastiki ya aina nyingine kabisa. Mimi, labda niwe safarini, nabeba chupa yangu tupu.