Wish na Noah: sentimita moja iliyonidanganya

Nimeendesha Toyota Wish, gari la familia lenye safu tatu za viti, kwa miaka minne, ile ya mwanzo yenye namba ya toleo ZNE10. Halafu nyumba ikajaa: mtoto wa tatu akazaliwa, mama naye akahamia kwetu. Nikaanza kuimezea mate Toyota Noah, nayo ya safu tatu, toleo la AZR60. Nikaketi na vipimo vya magari yote mawili. Wish ya kawaida, urefu milimita 4,550, upana 1,695. Noah, urefu 4,560, upana 1,695. Nikacheka. Sentimita moja! Nikamwambia mke wangu, "Gari ni lile lile, hili limevaa kofia tu." Akanijibu nikaitafute hiyo Noah tuketi ndani kwanza, ndipo niseme. Nikanyamaza, maana hukosea mara chache.

Kulingana kwa upana si bahati. Kule Japani gari likizidi milimita 1,700 kwa upana huhesabiwa kwenye daraja la magari makubwa, basi watengenezaji wengi huishia milimita tano kabla ya mstari. Ndiyo maana namba hiyo ya 1,695 utaikuta kwenye magari chungu nzima, na ndiyo maana haikwambii lolote kuhusu mabega yako yatakaa wapi.

Na mabega ndiyo yaliyonifumbua macho. Vioo vya Wish vimelala kuelekea ndani, kwa hiyo watu wazima watatu wakikaa safu ya katikati, wa pembeni wawili huinamisha vichwa kama wanaosikilizia ukuta. Ubavu wa Noah umesimama wima. Watu wale wale watatu waliketi, na yule wa kati akaweza kutoa simu mfukoni bila kumpiga mwenzake kiwiko. Kwa nje upana ni ule ule.

Kofia niliyoicheka nayo ilikuwa na mengi. Wish ina kimo cha milimita 1,590, Noah 1,850. Hizo sentimita 26 haziishii juu ya kichwa. Mahali palipo na kimo, kiti huinuliwa, na kiti kikiinuka miguu huning'inia chini badala ya kunyooshwa mbele, hivyo goti halihitaji nafasi kubwa. Zaidi ya hapo, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,825 kwenye Noah na 2,750 kwenye Wish.

Safu ya tatu ndiyo mtihani. Mimi si mrefu sana, lakini nyuma ya Wish magoti yalinipanda hadi karibu na kifua, na kati ya nywele na dari haikupita hata ngumi. Watoto wanakaa, sina ubishi, ila mtu mzima baada ya nusu saa anaanza kuuliza tumefika wapi. Kwenye Noah nilikaa kama mtu aliye kwenye kiti cha mezani. Juu ya kichwa kulibaki shubiri nzima.

Mama ana goti linalomsumbua. Nilidhani Noah itamtesa kwa sababu unapanda kidaraja, kumbe kinachomtesa ni kushuka. Siti ya Wish iko chini. Kuingia alikuwa anajiachia tu, kutoka ilibidi nimvute kwa mikono miwili. Kwenye Noah siti inamkuta kwenye nyonga, mlango unateleza nyuma wote, anashika mpini na kugeuka taratibu. Siku ya kwanza aliposhuka peke yake alinitazama, kisha akaniuliza hilo jingine nililinunua kwa nini.

Upande wa mizigo sitaki kuionea Wish. Viti vyake vya nyuma vinazama sakafuni vikabaki bapa kabisa, na mbao ndefu zinalala vizuri. Vya Noah havizami. Unavikunja, unavipandisha, na kuvifunga kwa mkanda ubavuni, kimoja huku kimoja kule. Hapo vinakula upana, vinaziba kioo cha pembeni unaporudi nyuma, na kwenye barabara ya mashimo cha kwangu cha kushoto kinagonga "tok, tok" mpaka nimekiwekea kitambaa. Hili la viti kuning'inia hakuna aliyeniambia kabla.

Lakini juzi tulihamisha friji dogo, linanifika kitovuni. Friji husafirishwa likiwa limesimama, vinginevyo oili ya kompresa inatembea mahali isipotakiwa. Ndani ya Wish lingelala tu. Noah ililimeza likiwa limesimama, tulilipinda kidogo kupita mlangoni basi. Ukiwa umejaza watu safu zote tatu, buti za magari yote mawili ni nyembamba, ila ya Noah inapanda: unapanga mabegi kama matofali. Ya Wish ni mifuko miwili ya shule na mwavuli.

Barabarani Wish inashinda, nakiri haraka haraka. Kwenye kona imetulia, na upepo wa ubavuni hauijui. Kwenye Noah, lori likikupita unaushika usukani vizuri.

Ukitaka kuchagua, acha karatasi ya vipimo. Nenda na mtu mrefu kuliko wote nyumbani, mpandishe safu ya nyuma, sogeza siti za kati mahali mnapokaa siku zote, ndipo ufunge mlango wa nyuma. Wauzaji hupenda kuonyesha safu ya tatu wakiwa wamesukuma ya kati mbele kabisa. Mimi nilirudisha siti mahali pake, muuzaji akaanza kunieleza habari za redio.