Noah ya kukodi, dereva mmoja na watoto wanne hadi Iringa

Likizo ya Juni mwaka huu nilikodi Noah yenye dereva kwa siku tano, Tabata, Dar es Salaam, hadi Iringa kwa mama mkwe na kurudi. Baba watoto alikuwa kazini Mtwara, kwa hiyo watu wazima garini tulikuwa wawili tu, mimi na dereva. Watoto ni wanne: binti wa miaka 16, kaka yake wa 11, mdogo wao wa kike wa miaka 6, na kitinda mimba wa miaka 2 ambaye safarini bado namvalisha nepi. Kabla ya kuondoka niliulizia sana kwa watu, na kila mmoja alinitajia bei. Hakuna aliyeniambia kwamba pamoja na gari unamkodi mtu, na kwamba ukiwa na watoto wa rika tofauti, huyo mtu ndiye safari yenyewe.

Jina la ofisi silitaji. Nilimpata dereva mzuri mno kupitia ofisi iliyonisumbua, na nataka hayo mawili yasichanganywe.

Nianze na usumbufu. Tulikubaliana 150,000/= kwa siku, mafuta juu yangu, na posho ya dereva 30,000/= kwa kila usiku. Asubuhi ya safari, mizigo ikiwa imeshapakiwa, nikapigiwa simu kwamba posho ni 50,000/=. Nilikuwa na ujumbe wao wa maandishi, nikawatumia uleule, wakanyamaza. Anayepanga kukodi asikubali makubaliano ya mdomo hata kama mwenye ofisi ni jirani yake. Gari nalo halikuwa lile la kwenye picha. Lilikuwa zima na matairi mazuri, ila kiyoyozi cha nyuma kilikuwa kinapuliza hewa ya kawaida, na hilo tulilijua tulipofika Chalinze jua likiwa limeshaanza kupiga.

Kilichonikera kuliko vyote ni mikanda. Siti za nyuma za Noah hukunjwa na kubanwa pembeni ili kupata nafasi ya mizigo, na magari mengi ya kukodi huishi hivyo mwaka mzima. Nilipozifungua saa kumi kasoro alfajiri, nikimulika kwa simu, sikuona mkanda hata mmoja. Nikaingiza mkono kati ya kiti na bodi, nikavuta kipande kimoja kilichojaa vumbi na maganda ya karanga. Cha pili kilikuwa kimejisokota chini ya kapeti. Dereva akaja kunisaidia bila kuambiwa, akavua saa yake, akalala kifudifudi sakafuni mwa gari mpaka akapata vifungio vyote. Tulichelewa dakika arobaini na sikujuta hata moja. Kiti cha mtoto cha kufunga kwenye siti ofisi hawakuwa nacho. Nilikuwa nimeazima cha wifi yangu. Uliza mapema, na ukiambiwa "tutaangalia", azima.

Kukaa garini nako kunataka mpango. Mwanzoni niliwapanga kwa umri, wakubwa nyuma, wadogo katikati pamoja nami. Kufika Mdaula wa miaka 11 alikuwa ameshageuka kijani. Anayeumwa na gari asikae siti ya nyuma kabisa, hata kama ndiye mrefu. Nikamhamishia mbele kwa dereva, binti mkubwa akaenda nyuma na yule wa miaka 6, na mimi nikabaki katikati na mdogo, mlango wa kusukuma ukiwa upande wangu. Huo mlango ni baraka. Unaufungua pembeni mwa barabara bila kuogopa lori kuubeba, na unambadilisha mtoto nepi umesimama chini, mgongo haukuumi. Kwa wanaotapika, mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, na ya karatasi haihimili jambo hilo. Nilibeba makopo mawili ya aiskrimu ya lita mbili yenye mifuniko. Yalitumika. Yalioshwa. Yakatumika tena kwenye mlima wa Kitonga.

Tulitoka saa kumi na dakika arobaini alfajiri, kusudi watoto walale mpaka Morogoro, kama kilomita 190 hivi. Walilala, isipokuwa wa miaka 11. Msamvu tukanywa chai na chapati, na hapo ndipo nilipoanza kumfahamu dereva. Aliniuliza: "Dada, hawa wanachimba dawa kila baada ya muda gani?" Sijawahi kuulizwa hivyo na dereva yeyote. Mwaka juzi tulikwenda kwa basi, likasimama mara moja kwa chakula na mara moja kuchimba dawa porini, na mtoto wangu mdogo wa wakati ule alilia kutoka Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni. Nikamjibu kwamba mkubwa anaweza saa nne, wa kati saa mbili, mdogo yeye na nepi yake, ila akikaa zaidi ya saa moja na nusu anapiga kelele. Akasema, "Basi tutamfuata mdogo." Akatembea kwa saa ya mtoto wa miaka miwili mpaka Iringa. Tulisimama mara saba. Kilomita kama 500 tulizimaliza saa kumi na moja jioni, na hakuna aliyefika amelia.

Barabara kuu inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na pale hulipi kitu kama unapita tu. Watu wengi hupita wamelala. Dereva alipunguza mwendo hadi kwenye kiwango cha vibao, akamkabidhi yule wa miaka 6 kazi ya upande wa kulia na wa miaka 11 upande wa kushoto. Twiga watatu walikuwa karibu kabisa na lami, mmoja akitafuna huku shingo yake imepita juu ya nguzo ya kibao cha faini za kugonga wanyama. Swala hawakuhesabika. Tembo tulimwona mmoja kwa mbali, na mdogo alisisitiza kwamba ni ng'ombe. Sikuona sababu ya kuingia getini na watoto waliokwishakaa garini saa sita; wakati wa kurudi ndipo tuliingia, asubuhi, wakiwa wamepumzika. Wa chini ya miaka mitano kwenye hifadhi zetu halipi.

Baada ya Mikumi mji, bonde la mibuyu lilimwamsha binti mkubwa, ambaye tangu Dar alikuwa na visikilizio masikioni. Mibuyu imesimama pande zote kando ya Mto Ruaha Mkuu, mingine minene kuliko Noah yetu. Akaomba tusimame apige picha. Dereva akasimama. Naliandika hili kwa sababu mtoto wa miaka 16 haombi mara mbili. Angeambiwa "tunachelewa", angerudisha vitu vyake masikioni na tungempoteza mpaka nyumbani. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu vya kumpelekea Bibi, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori ya Zambia na Kongo. Kona zile ni kali na korongo liko palepale. Dereva hakujaribu kulipita lori hata moja. Alikaa nyuma ya tela la mafuta polepole mpaka juu, akiniambia tufungue madirisha tuzime kiyoyozi. Wa miaka 11 alitapika hata hivyo, akiwa mbele, na dereva alichofanya ni kumpa tangawizi mbichi aliyoitoa kwenye droo ya gari.

Iringa mwezi wa Juni ni baridi kwelikweli kwa mtoto wa Dar. Masweta yasiwekwe chini ya mizigo. Sisi tuliyaweka chini, tukayatafuta tulipofika Kihesa, Bibi amesimama mlangoni anasema "Kamwene" na wajukuu wanatetemeka.

Siku ya tatu tulikwenda Isimila, kama kilomita 20 nje ya mji, barabara ya Mbeya. Kama una watoto wa rika tofauti na una nusu siku tu Iringa, nenda hapo. Zana za mawe za watu wa kale zimelazwa chini, shoka za mkono kubwa kuliko kiganja changu, ambazo watafiti wamekadiria umri wake kuwa kiasi cha miaka 260,000. Mwongozaji alimsimulia mkubwa kwamba mwaka 1951 mwanafunzi wa Afrika Kusini, akisafiri kwa barabara kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, ndiye aliyeziokota na kuzipeleka kwa wataalamu. Binti yangu akauliza, "Mwanafunzi?" mara mbili, kisha akaanza kutazama chini kila alipokanyaga. Wa miaka 11 yeye alivutiwa na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kama nyumba za ghorofa, na wa miaka 6 alicheza kwenye mchanga wa korongo na mdogo wake. Hakuna aliyemsubiri mwenzake kwa kununa. Njia ya kushuka ina utelezi wa changarawe, kwa hiyo viatu vya kufunga, na mdogo abebwe mgongoni.

Kalenga, kwenye makumbusho ya Chifu Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, mambo yalikuwa mengine. Fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, baada ya kutajwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, limewekwa pale kwenye kioo. Wakubwa walisimama kimya muda mrefu na maswali yalianza usiku. Wa miaka 6 aliona mlangoni tu, akashika sketi yangu, akakataa. Dereva akasema, "Niachie hao wawili," akakaa nao nje chini ya mti akiwafundisha kuhesabu kwa Kihehe, ambacho naye alikuwa amefundishwa na Bibi jana yake.

Posho nilimlipa ile ya makubaliano, mkononi mwake, na nikaongeza 100,000/= kwa hiari yangu siku ya kurudi. Gari naliweka nyota tatu: nafasi ni nzuri, milango ni mizuri, mikanda na kiyoyozi vinaipunguzia. Ofisi nyota mbili. Dereva sina nyota za kumtosha.

Desemba tunakwenda tena, maana Bibi ameshasema. Nimewaandikia ofisi wiki iliyopita masharti manne: dereva yuleyule, mikanda yote itolewe nje ya siti na nitumiwe picha, kiyoyozi cha nyuma kifanye kazi, na posho iandikwe. Wamejibu matatu. La kwanza wanasema watanithibitishia, na mpaka wanithibitishie sijatoa hata shilingi ya kutanguliza.