TAHADHARI wenye pick up za otomatiki: kuna duka Kariakoo wanauza ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) feki na filta ya gia boksi hawaigusi kabisa

Wadau habari za saa hizi. Naomba msome hii mpaka mwisho hasa nyie mnaobebea mizigo pick up za otomatiki. Kuna duka la oili na spea Kariakoo upande wa Gerezani, jina siliweki kwa sasa maana malalamiko yanaendelea, wana kijigereji uani kwao na wanatangaza sevisi kamili ya gia boksi, oili orijino na filta mpya, unasubiri hapo hapo unaondoka na gari. Usiwape gari yako. Filta hawabadilishi, oili iliyomo kwenye kopo sio iliyoandikwa kwenye kopo, na hata hiyo feki yenyewe hawakuwekei yote uliyolipia.

Gari yetu ni Hilux Vigo ya 2012, injini ya dizeli D-4D ya 3.0, otomatiki ya gia tano, inaendeshwa na mdogo wangu na ndio inayolisha familia mbili. Hii ya gia tano inatumia ATF WS, ile nyekundu nyepesi ya Toyota, na haina dipstiki, yaani kile kijiti cha kupimia oili. Hapo kwenye kukosa dipstiki ndipo wapigaji wanapopapendea, maana mwenye gari hana pa kuchomoa akaangalia rangi wala kiasi, ukishaambiwa tayari bosi imejaa unaamini tu. Mdogo wangu akapeleka, wakamuuzia makopo 2 ya lita 4 pamoja na filta na gasketi ya sampo (lile bakuli la oili chini ya gia boksi), jumla na ufundi laki nne na thelathini. Akaambiwa akae dukani mbele kwa sababu uani kuna magari mengi yanaingia na kutoka. Baadae wakamletea filta imelowa oili nyeusi tii, wakamwambia ona ulikuwa unatembea na hii, afadhali umewahi. Risiti ya EFD akaambiwa mashine haina mtandao, akaandikiwa ya mkono.

Mjini gari ilikuwa inaenda kawaida, ila ukitoa P ukaweka D inachelewa kidogo kushika alafu inapiga teke. Nikampigia simu yule fundi wao, akajibu ndio oili mpya hiyo inajizoesha. Jamani hakuna kitu kama hicho, oili mpya sahihi gia inaingia laini zaidi ya mwanzo, haihitaji kuzoea chochote, ukijibiwa hivyo jua kuna jambo.

Safari ya Iringa ndio ikafichua kila kitu. Mdogo wangu alikuwa na mabati na rangi za duka, mzigo ambao gari ilishabeba kabla, kuanza kupanda mlima Kitonga injini inapiga kelele mzunguko unapanda ila gari haiendi mbele, inateleza, mara taa ya A/T OIL TEMP, ya joto la oili ya gia boksi, ikawaka kwenye dashibodi. Na pale Kitonga mnapajua, malori nyuma malori mbele, kona kali, sehemu ya kupaki kwa usalama ni ya kutafuta. Namshukuru Mungu alipata pa kuegesha akaacha injini inaunguruma polepole bila kukanyaga mafuta ili oili ipoe mpaka taa ikazima, kisha akajikongoja polepole mpaka Iringa mjini, Ipogolo, kwa fundi mmoja mtu mzima ambaye anajua kazi yake.

Yule mzee kabla hajafungua chochote alimwita mdogo wangu aingie chini ya gari na tochi, akamwambia angalia bolti za sampo. Zimezunguka sampo yote, na kila moja ilikuwa na tope lililokauka na kutu kwenye kichwa, hakuna hata moja yenye alama ya spana kupita. Nati ya kumwagia peke yake ndio ilikuwa safi inang'aa. Mdogo wangu akanirushia video kwa WhatsApp nikaona kwa macho yangu. Sasa filta ya gia boksi hii ipo ndani, juu ya sampo, imefungwa kwa bolti kwenye valvu bodi (sehemu inayogawa oili kwenye gia), hakuna njia yoyote duniani ya kuifikia bila kushusha sampo. Kwa hiyo ile filta nyeusi waliyomuonyesha dukani ilikuwa ya gari nyingine, na nahisi wanaihifadhi mahali kwa kazi hiyo hiyo, kila mteja anaonyeshwa.

Iliposhushwa sampo, gasketi ilikuwa ile ile ya zamani imegandana na chuma. Sumaku zilizopo chini ya sampo zilikuwa zimevaa uji wa kijivu mzito, ule unga wa chuma unaotokana na kusagika, mzee alipitisha kidole ukabaki mfereji. Mtu akibadilisha filta kweli lazima akutane na hizo sumaku, na anayejali anazifuta kwa kitambaa. Filta ya zamani ipo pale pale imeziba. Oili nayo ilikuwa imechanganyika, nyekundu ya kupauka juu ya ile iliyoungua, ina harufu kama kitu kilichobabuka jikoni.

Na hesabu ya lita ndio iliyoniumiza zaidi. Ukifungua nati ya chini peke yake kwenye gia boksi hii inatoka kama lita 3 tu, nyingine inabaki kwenye tokonveta (kile kinachounganisha injini na gia boksi kwa oili) na kwenye mabomba ya kupozea. Wao walimwaga hizo, wakajaza kiasi hicho hicho, kwa hiyo kopo la pili zima pamoja na masalia ya la kwanza vilirudi shelfu kumsubiri mteja mwingine. Umelipia lita 8 umepata 3 na zenyewe feki.

Kuhusu feki, tulipata bahati kwamba mdogo wangu alikuwa ameomba kopo moja tupu aweke maji ya rejeta. Nimeliweka pembeni ya kopo nililonunua kwa wakala wa Toyota. La kwao kopo lenyewe ni la kweli kabisa, maandishi safi, ila mdomo wake una mikwaruzo ya bisibisi na kifuniko kimebanwa upya kwa gundi. Maana yake wanakusanya makopo matupu kwa mafundi wanajaza ATF ya bei rahisi. ATF nyekundu zote zinafanana kwa macho, ila WS ni nyepesi sana kuliko zile za zamani za Dexron au Type T-IV, ukiweka nzito mahali pa nyepesi gia zinaingia kwa kishindo, tokonveta inatetemeka, joto linapanda. Ndio maana nawasihi sana msiyauze makopo matupu wala kuyatupa mazima, toboa kabla hujatupa, hayo makopo ndio mtaji wao.

Sasa kama unaenda kufanya kazi hii popote pale, nunua oili na filta sehemu moja na ufundi fanya sehemu nyingine, mwenye duka na fundi wakiwa mtu mmoja hakuna wa kumkagua mwenzie. Kabla ya kazi paka rangi ya kucha kwenye bolti kadhaa za sampo, piga picha, kazi ikiisha kama rangi haijakatika basi sampo haikushuka. Simama uone sampo ikishuka, akikukatalia ondoka na gari yako. Weka chombo chenye alama za lita chini uone imetoka ngapi, na kopo lifunguliwe mbele yako. Na kwa gari isiyo na dipstiki kiwango kinapimwa injini ikiwa inawaka, oili imefikia joto lililoandikwa kwenye manyuali, unafungua nati ya kufurikia mpaka idondoke kidogo kidogo, fundi anayejaza kwa makadirio injini ikiwa imezimwa mkatae mapema.

Gari sasa imewekewa filta mpya na WS ya kweli, inatembea, ila mzee amesema klachi za ndani zimeshaungua kidogo na muda wake umepungua, hilo hakuna wa kutulipa.

Malalamiko nimeyapeleka Tume ya Ushindani, FCC, hao ndio wanasimamia bidhaa bandia kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na nimewapa kopo, ile risiti ya mkono na video ya Iringa. Kama na wewe umefanyiwa sevisi ya gia boksi kwenye duka lenye gereji uani maeneo hayo ya Gerezani, usitupe kopo wala risiti hata kama ni ya mkono, kashushe sampo kwa fundi mwingine huku unarekodi, alafu nitumie ujumbe inbox tulinganishe kama ni hao hao, nina jina la afisa anayeshughulikia faili na nitakuelekeza.