Kutafuta nyoka usiku Gede: mwongozaji safi, tochi mbovu, tangazo la uongo

Mimi ni fundi rangi. Napaka nyumba hapa Malindi, na kusi ikishika, mashua zikapandishwa pwani, napaka mashua. Kwa hivyo mtu akinitumia picha ya nyoka wa samawati kwenye simu na maneno "njoo ujionee rangi adimu", mimi siulizi kwanza habari ya sumu. Nauliza picha imepigwa kwa taa gani.

Jina la kikundi chenye tangazo hilo silitaji, maana nina malalamiko nao na vijana wenyewe bado wanajijenga. Wanapeleka watu kutafuta nyoka usiku upande wa Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mteja mwenyeji wa hapa analipa shilingi 2,500. Msituni kwenyewe hamuingii: kuna uzio wa umeme, kuna ndovu, na hifadhi ina saa zake. Mnapita mashambani, chini ya mikorosho na miembe, na kila shamba mwenyewe alipigiwa simu kwanza. Hapo wamenipendeza. Kuchelewa hakukunipendeza: tuliitwa saa moja na nusu, tukaondoka karibu saa tatu kwa kumngoja mteja mmoja wa kutoka Watamu.

Mwongozaji alikuwa kijana wa Kigiriama, sauti ya chini, macho makali. Jambo la kwanza alilotazama ni miguu yetu. Mmoja alikuja na kandambili, akaambiwa wazi kwamba haendi, mpaka wakamtafutia mabuti. Kisha akagawa miwani ya plastiki, kwa sababu ya swila. Huku kwetu yuko swila mkubwa wa kahawia anayeweza kupita mita mbili na nusu, ambaye mwaka 2007 wataalamu walimtambua kuwa aina ya peke yake, wakamwita Naja ashei kwa heshima ya James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu mwaka 1980. Swila huyu hutema sumu akilenga macho. Ikikupata, alisema, usisugue. Osha kwa maji mengi, endelea kuosha, kisha hospitali. Haya yote aliyasema kabla ya kupokea pesa.

Nyoka wa kwanza alikuwa amelala kwenye kitawi cha mkorosho, juu kidogo ya vichwa vyetu, amejikunja vizuri. Mwembamba, madoadoa meusi mgongoni. Wakammulika. Samawati! Simu zikatoka, watu wakapiga kelele za furaha, yule wa Watamu akasema sasa pesa yake imerudi.

Lakini zile tochi zao ni za mwanga mweupe unaoelekea buluu, zile za bei rahisi. Mwanga huo naujua. Mteja akichagua rangi ya ukuta chini ya balbu kama hiyo, asubuhi atagombana na fundi. Mimi nilikuja na tochi yangu ya mwanga wa njano, ninayokagulia kuta jioni. Nikaiwasha. Nyoka akawa kijani, kijani cha kawaida kabisa.

"Mzee umetuharibia biashara," yule kijana akasema huku akicheka. Kisha akafanya jambo lililonifanya nimheshimu: akaniomba tochi, akawamulikia wote kwa zamu, yake kisha yangu, waone wenyewe. Halafu akaeleza. Kijani cha nyoka kama huyu ni vitu viwili: chini ngozi inarudisha mwanga wa buluu, juu yake kuna rangi ya njano. Akizaliwa mmoja aliyekosa ile njano, huyo kweli atakuwa samawati, mchana na usiku, ila hutokea kwa nadra sana. Ndiyo maana pia nyoka wa kijani aliyekufa akawekwa muda hugeuka buluu, njano inakufa, buluu inabaki. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni koti mbili, samawati chini na njano juu, kazi yangu kila siku. Nilipomuuliza kuhusu picha ya tangazo akasema si yake, ni ya mkubwa wao. Basi mkubwa wao aiondoe.

Aliyestahili tangazo alikuja baadaye, chini, akivuka njia pale mchanga mweupe unapoishia na udongo mwekundu unapoanza. Nyoka mla-mayai. Nilimmulika kwa tochi yangu na rangi haikubadilika: waridi iliyotiwa udongo, ile ambayo wateja huniomba na hakuna kopo linaloitoa, lazima uchanganye. Alijikunja, akasugua magamba yake ubavu kwa ubavu hadi ukasikia mlio wa kukaanga, kisha akarusha kichwa. Dada mmoja alirudi mbio mpaka barabarani. Na kumbe hana sumu, hata meno hana ya kusema. Humeza yai zima, akalivunja kwa mifupa ya shingo, akatema ganda. Aina hiyo hiyo, kwenye shamba la jirani, unaweza kumkuta wa kijivu, wa kahawia au wa machungwa. "Si adimu, mzee," kijana akasema. "Watu wanamuua wakidhani ni kifutu, ndiyo hawamjui."

Yule wa Watamu akadai nyoka mweupe. Akajibiwa bila kuahidiwa: mweupe mwenye macho mekundu amekosa rangi nyeusi mwilini, yuko pia mweupe mwenye macho meusi, huyo ni hali nyingine, na wote wawili huonekana upesi na ndege wanaokula nyoka. Tukiwa njiani akatueleza habari ya bumslangi, ambaye dume lake mara nyingi ni kijani na jike ni kahawia, nyoka mmoja na sumu moja. Mwaka 1957 bumslangi mchanga alimuua Karl Schmidt wa Chicago, bingwa wa nyoka, na ile dawa ya mchanganyiko, ya sumu za nyoka wengi, haitibu sumu yake. Ana yake peke yake. Hatukumwona. Sikusikitika.

Hakushika nyoka hata mmoja kwa mkono, wala hakukata tawi ili picha iwe nzuri, ingawa aliombwa.

Ningelipa tena, kwa ajili ya huyo kijana. Wanunue tochi za mwanga wa njano, si ghali kupita mabuti waliyonunua, na waseme ukweli kwenye tangazo: mla-mayai wa waridi anatosha. Wewe ukienda, vaa suruali ndefu, beba tochi yako, na ukipata nafasi pita Bio-Ken mchana ili uwe umeshawaona swila na koboko nyuma ya kioo. Tuktuk ya kurudi Malindi usiku ule tuliilipa mara mbili ya mchana, kwa hivyo patana na dereva kabla hujatoka nyumbani.