Tathmini ya studio ya Mtwara mjini iliyotutengenezea kichupa cha wanafunzi na baiskeli za milimani

Mwezi wa Julai, nikiwa mlezi wa klabu ya muziki ya chuo, nilisimamia utengenezaji wa kichupa cha wimbo wa wanafunzi wetu, na kazi yote ya kupiga picha na kuhariri tuliikabidhi kwa studio ndogo ya vijana watatu iliyopo Mtwara mjini. Tuliwalipa shilingi 650,000 kwa siku mbili za kupiga picha pamoja na uhariri, usafiri na chakula vikiwa juu yetu. Ninaandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa Mtwara na Lindi wanaofikiria kazi ya namna hii, kwa sababu baiskeli inayoteremka kwa kasi ni kitu kigumu kukipiga picha, na si kila fundi wa video za harusi anakiweza.

Wimbo umejengwa juu ya mdundo wa sindimba, na wawili kati ya waliouimba ni waendeshaji hodari wa baiskeli za milimani, zile zenye tairi pana, shokapu mbele na breki za diski. Walitaka waonekane wakishuka ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde upande wa Newala, karibu na Shimo la Mungu, ambapo ardhi hukatika ghafla na bonde la Ruvuma kujitandaza chini kuelekea Msumbiji. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Mtwara mjini, na vijana wa studio hawakulalamika hata mara moja.

Heshima yangu kwao ilianza pale mteremko ulipopotea. Picha za kwanza zilipigwa kwa GoPro, kamera ndogo yenye lenzi pana, iliyofungwa kwenye usukani, na tulipozitazama, njia ambayo wanafunzi walikuwa wameishuka wakiwa wamerudisha kiuno nyuma ya kiti ilionekana tambarare kama uwanja wa mpira. Waimbaji walivunjika moyo, nami nilidhani tumepoteza fedha. Mpiga picha alitueleza kwa utulivu kwamba lenzi pana husukuma vitu mbali na kuvifanya vidogo, na kwamba jicho la mtazamaji haliwezi kuupima mteremko ikiwa ndani ya picha hakuna kitu kilichosimama wima wala mstari uliolala sawasawa. Akashuka pembeni mwa njia, akaweka kamera kubwa usawa wa goti, akachagua lenzi ndefu inayovuta vitu karibu, akaupanga mti mmoja ulionyooka upande mmoja wa picha na upeo wa bonde nyuma yake. Baiskeli ilipopita kati ya vitu hivyo viwili, mteremko ulirudi wote, pamoja na mchanga mwekundu uliorushwa na tairi la nyuma. GoPro wakaihamishia kifuani mwa mwendeshaji, ili mikono na usukani vinavyotikisika vioneshe kasi. Hizo ndizo picha mbili zinazokibeba kichupa chetu.

Ujuzi wao wa pili ulihusu mwendo wa polepole. Tulitaka mwimbaji aimbe huku vumbi likielea taratibu nyuma yake, lakini picha ikipunguzwa mwendo, midomo nayo huachana na wimbo. Walipiga fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 50 kwa sekunde huku wimbo ukilia kwenye spika kwa kasi maradufu, na mwimbaji akauimba kwa kasi hiyohiyo. Kisha katika uhariri wakazichezesha fremu hizo 25 kwa sekunde, midomo ikarudi kwenye kasi ya kawaida ya wimbo, na vumbi, nguo na mikono vikabaki vinaelea. Mwanafunzi wetu alihitaji kujaribu mara saba kabla ya kulimudu jambo hilo, nao walimvumilia.

Ratiba yao, kwa upande mwingine, haikufikiria mikorosho. Julai ni msimu ambao wakulima hupuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na kazi hiyo hufanywa alfajiri wakati upepo umetulia, yaani saa ileile ambayo mpiga picha yeyote anautaka mwanga. Siku ya kwanza tulikuta shamba la mikorosho tulilotaka kupigia picha limejaa wingu la unga wa manjano. Mzee mwenye shamba, baada ya kumwamkia na kumweleza shida yetu, alitutaka tusubiri kwa ajili ya mapafu ya watoto, naye alikuwa sahihi kabisa. Studio ya hapa Mtwara ilipaswa kulijua hilo na kuzungumza naye mapema.

Kuhusu usalama tulivutana kidogo. Mwongozaji alitaka helmeti zivuliwe ili sura zionekane, nikakataa. Tukakubaliana kwamba sehemu za kuimba zipigwe wakiwa wamesimama, helmeti mikononi, na sehemu za kuteremka zipigwe wakiwa wamezivaa. Suala la droni walilimaliza wao wenyewe: hawakuwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo hawakuirusha, na ninawapongeza kwa uadilifu huo.

Uhariri ndio ulionisumbua. Waliahidi siku 10, tukapata rasimu siku ya 23. Katika rasimu hiyo picha ilibadilika kwa kila pigo la ngoma, na mteremko tulioutafuta kwa jasho ulikuwa umekatwa vipande vifupi mno hata mtu asijue baiskeli imetoka wapi na inakwenda wapi. Niliomba picha moja ya sekunde 11, yenye mteremko wote bila kukatwa, iwekwe kwenye kiitikio cha mwisho. Walisita, wakaiweka, na leo kila anayekitazama kichupa huitaja picha hiyo kwanza. Kosa zito zaidi lilikuwa la rangi: katika kung'arisha picha waliwafanya wanafunzi wetu weupe kuliko walivyo, na udongo wa Newala ukawa wa machungwa. Niliwaambia waziwazi kwamba sitapokea video inayoificha ngozi ya watoto wa Mtwara, nao walirekebisha vizuri, ingawa marudio hayo ya pili walitutoza shilingi 50,000 ambazo hazikuwamo katika makubaliano. Andikianeni idadi ya marudio kabla ya kulipa chochote.

Wanahariri kwa DaVinci Resolve, toleo la bure, ambalo hutoa video hadi ya pikseli 3840 kwa 2160, na hiyo inatosha sana kwa kazi ya wanafunzi. Programu hiyo inahitaji kompyuta yenye nguvu, kwa hiyo kazi ya kuhariri tusingeiweza kwa mashine za chuoni.

Nendeni pia na diski yenu wenyewe, kwa sababu studio hufuta picha zote ghafi baada ya kukabidhi kazi. Zetu zilizidi GB 200, na tuliwahi kuzinakili siku moja kabla ya kufutwa. Miongoni mwake kuna mteremko mzima uliopigwa kutoka kifuani, wenye sauti ya pumzi na cheni tu, ambao haukuingia katika kichupa na ambao wanafunzi sasa wanautungia wimbo wa pili.