Lipu ya chokaa kwenye nyumba ya mawe Unguja: uzoefu wangu

Ninachokitathmini hapa ni ukuta wa nje wa nyumba ya ukoo wetu, Mji Mkongwe, Unguja. Tumebandua lipu ya saruji na kupiga ya chokaa, upande unaotazama bahari na ule wa uani. Masika imeshaupiga ukuta huo zaidi ya mara moja, kwa hiyo siandiki kwa furaha ya kazi mbichi. Mwenye nyumba ya mawe namwambia afanye. Mwenye nyumba ya matofali ya saruji ana maelezo yake mwishoni.

Nyumba kama yetu imejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, kuta nene nusu mita na zaidi. Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, mvua nayo huupiga kwa nje, kisha upepo na jua huukausha. Miaka ya nyuma fundi mmoja alitupigia saruji akamalizia kwa rangi ya plastiki. Ilipendeza kwelikweli. Baadaye zikatoka nyufa nyembamba, mvua ikaingia humo, na maji yaliyoingia hayakupata pa kutokea. Yakaja ndani. Rangi ya sebuleni ikavimba, chumvi ikatoka ukutani, nguo za kabatini zikanuka uvundo. Siku ya kubandua, saruji iliondoka mapande kwa mapande bila kulazimishwa, na udongo uliokuwa nyuma yake ulifinyangika mkononi.

Ndugu yangu aliyeko Muscat, ambaye anachangia gharama, alikuwa ananitumia picha za paneli za alumini za kuvisha ukuta. Nilimkumbusha kwanza kwamba Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na huku hubandiki chochote nje ya nyumba bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Lakini hata kama tungekuwa Fuoni, nje ya Mji Mkongwe, nisingeziweka. Paneli za alumini zenye plastiki katikati ndizo zilizousambaza moto wa Grenfell Tower kule London, Juni 14, 2017, wakafa watu 72. Zipo zenye moyo usioshika moto upesi, ila dukani nilipouliza katikati mna nini, muuzaji alinitajia rangi alizonazo. Vigae vya mawe navyo hubandikwa kwa saruji, kwa hiyo ukuta ungezibwa vilevile. Mbao nazipenda, lakini mchwa wa kwetu nao wanazipenda, na sikuona busara kukata mvule wa miaka mingi ili nivishe ukuta ambao tayari ni jiwe.

Sasa suala la mazingira, maana wengi wanaoiuza chokaa huitaja kama kitu kisafi kabisa. Si kweli. Jiwe la chokaa huchomwa kwenye joto la kama nyuzi 900 za Selsiasi, na likiungua linatoa kaboni dayoksaidi: katika kilo 100 za jiwe safi, zinabaki kilo 56 za chokaa, na 44 zimekwenda hewani. Saruji inataka joto la kama nyuzi 1,450. Lipu ya chokaa inapokomaa ukutani huivuta tena gesi ile kutoka hewani, taratibu, kuanzia nje kwenda ndani, mpaka inarudi kuwa jiwe. Hapo chokaa inashinda. Lakini inachovuta ni gesi iliyotoka kwenye jiwe. Moshi wa kuni zilizolichoma hauna hesabu ya kurudi ukutani, isipokuwa upande miti mingine.

Kwa hiyo swali langu kwa kila muuzaji lilikuwa moja: tanuu lako unalichoma kwa kuni gani? Tanuu la kienyeji hupangwa magogo chini, mawe juu, likawashwa. Mchomaji wa kwanza alinizungusha maneno. Pembeni kulikuwa na fito ambazo nilizitambua kuwa za mikoko, nikaaga. Wa pili alinionesha magogo ya minazi mizee iliyoacha kuzaa, na shamba lilikotoka, na miche iliyokwisha kupandwa. Bei yake ilikuwa juu kidogo. Nikanunua kwake. Mtu asiyeweza kwenda mwenyewe amtume anayemwamini, maana mfuko ukishafika mjini chokaa zote ni nyeupe.

Kazi yenyewe ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Tulingoja kipupwe, kwa sababu jua la kiangazi hukausha lipu kabla haijashika na mvua ya masika huiosha. Chokaa ilikuwa imezimwa kwa maji na kukaa shimoni chini ya maji wiki nyingi, imekuwa laini kama mtindi. Ukinunua ambayo haijazimwa, usiifanyie mzaha: ukiimwagia maji inachemka na kuruka, na tone moja jichoni ni hospitali. Hata iliyozimwa inachubua ngozi, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima, na watoto wakae mbali. Mchanga usiwe wa pwani. Una chumvi, na ufukwe wenyewe unaliwa na bahari bila sisi kuusaidia. Tulichanganya chokaa moja kwa mchanga mitatu.

Mwashi mkuu ni mzee wa mjini humu, hana haraka. Kijana wake alimwambia, "Mzee wangu, tukitia saruji kidogo tu tutamaliza leo." Mzee hakuinua hata uso: "Utamaliza leo, na kubandua utakuja kubandua wewe." Kwanza waling'oa mizizi ya mimea iliyojiotea ukutani, wakaosha mashimo, wakalowesha ukuta. Halafu wakatomea, yaani walijaza mapengo kwa vijiwe na chokaa, kijiwe kimoja kimoja, siku nzima unaona kama hakuna kilichofanyika. Lipu ilipigwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka lilifunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Mwisho wakapaka maji ya chokaa, mepesi, mara kadhaa. Mipako mizito hukatika ikadondoka magamba.

Matokeo hayakuja mara moja, na hili nalisema kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kuwa na wasiwasi. Miezi ya mwanzo chumvi ilizidi kutoka ndani. Mzee akasema iacheni, ipigwe brashi kavu, msiioshe kwa maji, ukuta unaitoa wenyewe. Baadaye ikapungua, uvundo nao ukaisha. Mchana ukuta mweupe hauli jua kama ule wa zamani wa rangi ya kahawia. Chumba cha juu tunakitumia tena saa za adhuhuri.

Kasoro zipo. Buibui jeusi la kuvaa likigusa ukuta linatoka na unga mweupe, na bi mkubwa wetu hajanisamehe. Chini ya mchirizi pameota ukijani. Maji ya chokaa yatabidi yapakwe upya kila baada ya miaka michache. Ufundi uligharimu karibu mara mbili ya ule wa saruji, ingawa vifaa vilikuwa rahisi, kwa sababu waashi wanaoijua kazi hii wamebaki wachache na wanajua kwamba wamebaki wachache. Faida nyingine nimeiona uani: ukarabati mdogo unafanyika kwa ndoo moja. Pakitoboka unajaza, hubandui ukuta mzima, na taka zake ni mchanga na chokaa. Kifusi cha saruji tulichotoa mwanzo kilijaza lori, na sijui tungekipeleka wapi kama jirani asingekitaka kujazia njia yake.

Wenye nyumba za matofali ya saruji, Fuoni, Tomondo na kwingineko: ukuta wenu hauna udongo wa kuoza, kwa hiyo kubandua lipu nzima ili mweke chokaa ni kutupa mali na kuongeza taka. Rekebisheni nyufa, pakeni rangi nyeupe, na hela inayobaki irefusheni upenu, hasa upande wa magharibi na ule unaopigwa na mvua. Ukuta usiofikiwa na mvua hauhitaji kuvishwa kitu. Ndugu yangu wa Muscat ana kiwanja Fuoni, na picha za paneli ameacha kutuma. Sasa ananitumia picha za baraza.